Alama ya Kuuliza Kwenye Ukuta wa Ghala

Mwanangu Sikitu,

Wewe uko kwa shangazi yako unaaga, na kwa vicheko ninavyovisikia kutoka huko najua hamjafika hata nusu. Sawa. Mimi nina muda mpaka jua lizame, na karatasi hizi nimezipata kwa mwalimu mkuu kwa kumbembeleza kama mtu anayeposa. Kesho asubuhi basi la Iringa likisimama pale barabarani najijua nitakavyokuwa. Nitagombana na utingo juu ya sanduku lako, nitampigia kelele dereva, na wewe utaondoka bila kusikia neno moja la maana kutoka kwangu. Ndiyo maana naandika. Nikikueleza kwa mdomo nitapayuka, wewe nawe utapayuka, kisha mama yako atatoka jikoni na mwiko.

Mambo ya sweta, ya baridi ya Iringa, ya kutonunua nyanya za njiani dirishani ukazila bila kuosha, mama yako ameshayamaliza. Sina la kuongeza. Mimi nataka kukueleza habari za Shigela.

Utasema unazijua. Unajua aliuawa hapa kijijini ulipokuwa darasa la tatu, unajua mkono wangu wa kushoto ulivunjwa siku hiyo hiyo ukaunga vibaya. Lakini watu hapa huisimulia habari ile kuanzia kwenye rungu. Mimi nataka nianzie kwenye mkaa.

Na nitakuambia kwa nini leo. Jumanne nilipita nje ya darasa la kisomo cha watu wazima ulipokuwa unanisaidia. Yule mama wa Kisukuma, mgeni, ambaye mumewe ameingia bondeni juzi tu na ng'ombe, alikuwa amefuta mstari wa mtu ukutani kwa kiganja akaandika wake juu yake. Ulimpokonya mkaa mkononi. Ukasema, "Hapa si zizini, mama! Jifunze sheria kwanza ndiyo ushike ukuta!" Darasa zima likacheka, na wewe ukacheka. Sheria uliyomwambia ilikuwa sahihi, sina ugomvi nayo. Lakini nilisimama pale mlangoni nikisikiliza. Ile sauti ni yangu. Umeichukua kwangu pamoja na pua, na sasa unaipeleka Kihesa, huko Iringa, ambako utapewa darasa lako na ukuta wako, na watu waliotoka vijijini wakiwa hawajui hata mkaa unashikwa upande gani.

Ukuta wetu ulianza kwa shida. Mwaka ule wa kisomo vitabu vilikuwa haba, watu waliokwisha kujua kusoma hawakuwa na cha kusoma, na karatasi ilikuwa kitu cha ofisini. Tukapaka ghala la kijiji udongo mweupe, upande ule usiopigwa na mvua, tukasema hiki ndicho kitabu chetu, na kila mtu atakiandika. Aliyejua majani yanayoua ndama aliandika. Aliyekumbuka nani walichimba mfereji aliandika. Mama mmoja mkunga aliandika mambo ambayo wanaume walikuwa wakiyasoma haraka haraka na kuangalia pembeni. Bonde hili lina Wasangu, Wahehe, Wabena, Wanyakyusa, Wasukuma na ng'ombe wao, Wangoni waliofuata kazi kwenye shamba la mpunga, na wote tulikuwa tukiandika Kiswahili cha kuokoteza kwenye ukuta mmoja. Nilijivunia ukuta ule kuliko nilivyokuwa nikijivunia nyumba yangu.

Sheria nilizitunga mimi. Andika ulichokiona, na mwisho wa mstari useme umekiona kwa macho yako. Kama umeambiwa, mtaje aliyekuambia. Mstari wa mtu haufutwi na mtu mmoja peke yake. Ukiutilia shaka, weka pembeni yake alama ya kuuliza, kisha mtafute mwenye mstari umwulize, na mkikubaliana kwamba amekosea mnasimama wote wawili mbele ya ukuta ndipo unafutwa. Mgeni nilikuwa simruhusu kuandika chochote mwanzoni. Kazi yake ilikuwa kusoma na kuweka alama ya kuuliza, basi. Na kila jioni nilikuwa narudia kwa sauti ile unayoijua: "Ukutani hakuna uongo! Mwongo aende kilabuni!"

Shigela, Msukuma, alikuja na wafugaji wageni wa kiangazi. Jitu refu, mikono iliyozoea kamba za ng'ombe, anavunja mkaa kila akiushika. Nilimtania mbele ya wenzake kwamba atanimalizia mkaa wote wa bonde, na wenzake walicheka, yeye akaokota vipande akavipanga vizuri kwenye dirisha. Hakuwa mtu wa kucheka. Alisoma kwa kidole, herufi moja moja, midomo inatembea. Lakini nikuambie, hakuna mtu aliyezishika sheria zangu kama yeye. Siku moja alikuta mstari wa majani yanayoua ndama hausemi kama ua lake ni jeupe au la njano. Wengine wote tulikuwa tumeusoma tukapita. Yeye aliweka alama yake, akatembea mpaka kitongoji cha ng'ambo ya mto kumtafuta mzee aliyeandika, akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaniambia, "Mwalimu, nimemwuliza mwenye mstari. Ni njano. Anakuja kesho tusimame naye." Nikasema vizuri, nikaendelea na shughuli zangu.

Sasa Komba. Komba unamjua, huyu huyu wa taya iliyokwenda upande, anayekula uji. Yeye Mngoni, mimi Mhehe. Babu zetu walichinjana kwa mikuki, sisi wajukuu tukaachiwa utani. Alipokufa mama yangu, Komba alishuka kaburini akalala humo, akasema Mhehe haingii mpaka wafiwa wamnunulie tumbaku, na mimi niliyekuwa nalia nikajikuta nacheka na makamasi. Ndivyo alivyokuwa rafiki yangu. Basi siku moja kwenye sehemu ya wanyama wa bonde, Komba akaandika: "Mbwa wamepungua sana tangu Mwalimu Mhehe ahamie hapa. Nimeona kwa macho yangu." Wahehe tunasemwa kwamba tunakula mbwa, na watu walicheka mpaka wakakaa chini. Ningeweza kusema, Komba, si hapa, tukataniane kilabuni. Lakini mimi nishindwe na Mngoni? Nilichukua mkaa nikaenda kwenye sehemu ambayo wafugaji walikuwa wanaandika njia zinazopitwa na wezi, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa kufundishia: "Mwizi mkuu wa ng'ombe wa bonde hili ni Komba Mngoni. Nimemwona kwa macho yangu." Nikaweka na jina langu.

Hatukufuta. Kila aliyejua kusoma siku zile alijua mimi na Komba ni watani, hivyo mistari ile ilikaa pale miezi, ikawa kama sehemu ya ukuta. Wageni walikuwa bado wanahangaika na a e i o u. Nilisahau kwamba kazi yangu mimi mwenyewe ilikuwa kuwafikisha mahali ambapo wataweza kuisoma.

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa nje na binamu yangu aliyetoka Iringa na dumu la ulanzi, pombe ya mianzi. Unaukumbuka ulanzi ule, ulikuwa umechachuka hasa, na sisi tulikuwa tumeanza mapema. Wewe ulikuwa karibu yetu unasugua sufuria kwa majivu. Shigela akaja, rungu begani, fimbo ya kuchungia mkononi, kama walivyo siku zote. Hakukaa.

"Mwangaluka, mwalimu," akaniamkia kwa Kisukuma.

"Karibu, mvunja mkaa! Kunywa!"

"Sinywi. Nimekuja kwa mstari wako. Ule wa Komba. Nimeuwekea alama, nimekuja kukuuliza mwenye mstari."

Binamu yangu akanitazama, anataka kujua mstari gani. Nami nikataka kumwonyesha jinsi ninavyowaweza Wangoni wa huku.

"Uliza!"

"Umeandika umemwona kwa macho. Umemwona?"

"Nimemwona! Haya macho mawili!"

"Anaiba ng'ombe za watu?"

"Anaiba tangu babu yake! Lile tumbo lake unadhani ni la uji? Ni ng'ombe za watu lile! Nenda kamwulize, atakuonyesha na mikia!"

Binamu yangu alicheka ulanzi ukamtokea puani. Shigela akasema, "Asante, mwalimu," akaondoka. Sikumwuliza kwa nini ameuliza. Hakuniambia kwamba zizi lake lilikuwa limeamka tupu, na mimi nilikuwa na kazi ya kumpigapiga binamu yangu mgongoni asipaliwe.

Komba alikuwa mferejini na watu wa darasa langu, wanazibua matope. Waliokuwepo wamenieleza, na nimewauliza mara nyingi, kila mmoja peke yake. Shigela alisimama ukingoni akauliza, "Komba, ng'ombe zangu ziko wapi?" Na Komba, masikini, kwa vile kila siku alikuwa akitamani yule jitu asiyecheka amzoee, alifurahi. Akadhani ameingia kwenye utani wetu. Akajibu, "Nimekula zote, imebaki mikia, njoo uchukue!"

Rungu lilimpata kwenye taya. Alianguka ndani ya mfereji uso chini, na lile la pili lilivunja bega akiwa ndani ya maji. Lingekuwepo la tatu asingekuwa na kichwa. Lakini wengine walikuwa na majembe mkononi. Wa kwanza alimpiga Shigela mgongoni kwa kisigino cha jembe mpaka akapiga magoti. Kisha wakamwingia wote. Watu wangu, Sikitu. Watu niliowashika mkono kuwafundisha kuandika majina yao, wengine wazee wa kanisa. Walikuwa wanapiga na kupokezana kama watu wanaotwanga. Mmoja alikuwa anapiga huku analia. Mwingine, niliyemwona kwa macho yangu, aliweka jembe chini, akavua shati lisichafuke, akaliokota tena.

Nilisikia mayowe nikakimbia. Nilipofika Shigela alikuwa bado amepiga magoti, anashikilia ukingo wa mfereji kwa mkono mmoja, sikio limening'inia, jicho moja halipo. Alikuwa anasema neno moja tu. "Mwalimu amesema. Mwulizeni mwalimu." Nikapiga kelele, "Ni utani! Mwacheni! Ni utani!" Nikajitupa katikati. Mpini wa jembe ukanishukia hapa juu ya kiwiko, na nilisikia mlio wa mfupa kabla sijasikia maumivu. Aliyenipiga hakunikusudia. Akanitazama, akasema, "Samahani, mwalimu," akarudi kumpiga yule.

Nikarudi nyuma. Hilo ndilo watu hawalisemi wakiwa na mimi, wanasema mwalimu alivunjwa mkono akimtetea mgeni. Nilivunjwa, ndiyo. Nilikuwa na mkono mwingine mzima, na miguu miwili, na sauti. Nilikaa kwenye matope nikaushika mkono wangu nikatazama mpaka mwisho. Niliogopa. Sina neno lingine la kuweka hapo.

Jioni walikwenda kwenye kambi ya wageni wakachoma vibanda. Ndama walikatwa miguu kwa mapanga, wakalala wanalia mpaka giza, unaikumbuka sauti hiyo kwa sababu ulinijia kitandani umeziba masikio. Na ng'ombe wa Shigela walikuwa kwenye matete huko chini, wamekwama kwenye tope, wazima. Hakuna aliyewaiba. Walifuata maji. Polisi walikuja kutoka Mbeya, wakachukua watu, wengine wakafungwa. Mimi niliwaeleza kila kitu, mstari, ulanzi na maneno niliyomjibu, na yule afisa akaniambia niende hospitali. Hakuna sheria ya kumfunga mtu kwa utani.

Siku ya pili nilikwenda ghalani mkono umefungwa kwa kanga ya mama yako. Pembeni ya mstari wangu kulikuwa na alama ya kuuliza. Kubwa, imepinda vibaya, nukta yake imekandamizwa mpaka mkaa ukavunjika. Palepale chini, kwenye dirisha, vipande vya mkaa vilikuwa vimepangwa. Alikuwa ameamka akakuta zizi lake tupu, mwanangu, hasira imempanda, rungu liko begani, na bado alipita kwanza ukutani akaweka alama kama nilivyomfundisha. Kisha akaja kumwuliza mwenye mstari kama nilivyomfundisha. Katika watu wote wa bonde hili siku ile, aliyefuata sheria zangu alikuwa yeye peke yake.

Mke wake alikuja kabla hawajahama. Alikuwa na mtoto mgongoni na jembe mkononi, na watu walipoliona jembe wakasogea mbali. Hakuwa anajua kusoma.

"Ni upi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha.

"Nisomee."

Nikasoma. Sijawahi kusoma kitu kirefu namna ile, na ni mstari mmoja. Akaniuliza maneno ya mwisho yana maana gani, nikamwambia, nimemwona kwa macho yangu. Akaniuliza kama nilimwona kweli. Nikasema hapana. Akatazama ukuta mzima, mistari yote ile ya mvua na majani na mfereji, akasema, "Na hapa pameandikwa wapi kwamba mume wangu alikosea?"

Akainua jembe akakipiga kile kipande cha ukuta, mara nyingi, mpaka udongo ukatoka na matofali yakaonekana, mstari wangu, jina langu, na alama ya mumewe, vyote chini. Nilisimama pembeni yake. Mstari haufutwi na mtu mmoja peke yake. Shimo lenyewe ni lile ambalo nyie watoto mlikuwa mnaficha kokoto za kuchezea bao, nami nikiwafukuza bila kuwaambia kwa nini.

Komba alirudi kutoka hospitali ya Mbeya baada ya muda mrefu. Hajawahi kunitania tena. Nikifiwa, anakuja, anakaa na wazee, ananipa pole kwa adabu. Ananiamkia "Mwalimu". Heshima yake inaniuma kuliko mkono huu wakati wa baridi.

Haya, mama mkubwa, sasa unakwenda Kihesa. Sikuambii uache kuwa mkali, ningekuwa namwambia kuku aache kuparua. Kuwa mkali. Lakini anza na wale wanaokujua, wale watakaokaa mbele na kucheka kila unachosema, maana hao ndio watakaokuvunjia sheria na wewe utawaachia kwa kuwa mnaelewana. Mimi sheria zangu nilizitunga kwa ajili ya wageni, na wageni walizishika. Mgeni anakuamini kuliko unavyojiamini. Ukimwambia ukutani hakuna uongo, atakwenda nalo mpaka mferejini.

Yule mama uliyempokonya mkaa, nilikwenda kwake jana. Mstari alioufuta ni wa mwezi wa kufurika mto, na yeye amefuta kwa sababu mwaka huu mto ulimchukulia mbuzi kabla ya mwezi huo. Ana haki kabisa, ila njia ndiyo hakuijua. Nimemwambia kesho kabla ya basi utasimama naye pale ukutani, wewe na yeye na mwenye mstari. Usininunie. Basi likitangulia tutalisimamisha, nitalala barabarani kama Komba kaburini.

Na sasa lile lililobaki, ambalo limenifanya nishike kalamu kwa mkono mmoja mchana kutwa. Asubuhi ile Shigela alipoondoka, mimi na binamu yangu tukiwa bado tunafuta machozi ya kicheko, wewe ulisimama na sufuria lako, majivu mpaka kwenye viwiko. Ulikuwa unamtazama anavyoshuka njiani na rungu lake. Ulikuwa na miaka kumi. Ulinivuta shati.

"Baba," ulisema, "mbona yeye hajacheka?"

Nikakuambia urudi kwenye vyombo.

Baba yako